Mkono, baba, rasilimali: Mfanyakazi wetu anaitwaje, na anaulizwa lini?

Katika miji ya shaba, ofisi inayoshughulika na wafanyakazi imebadilisha jina mara nyingi. Wakati wa Union Minière du Haut-Katanga iliitwa MOI, herufi tatu zinazosimama badala ya main-d'œuvre indigène. Anayejua Kifaransa anaona mara moja kwamba ndani ya jina hilo kuna mkono na kazi ya mkono, lakini mtu hatajwi. Baadaye ofisi ikaitwa ya personnel, kisha ressources humaines. Leo kampuni nyingine zimeanza kuandika mlangoni capital humain. Kiswahili cha mashariki nacho kimepita njia inayofanana na hiyo: Tanzania walizoea kusema afisa utumishi, na sasa ofisi nyingi zinasema afisa rasilimali watu.

Sisi wa lugha tuna desturi ya kucheka majina kama hayo, halafu tunarudi kwenye fonolojia yetu. Safari hii naomba tusicheke tu. Viongozi wa kampuni na walimu wa menejimenti wanasema kila siku kwamba zama mpya zimefika: uongozi unaomweka mtu katikati, ofisi ya wafanyakazi ambayo haihesabu tena siku za kukosa kazini tu, bali inasikiliza, inafundisha, inalinda afya na heshima ya mtu. Ni maneno mazuri. Hoja yangu ni kwamba katika Katanga maneno hayo yana kipimo kimoja rahisi ambacho hawakitaji: mfanyakazi anaambiwa nini kwa lugha anayoielewa, na anaulizwa nini kwa lugha hiyo hiyo. Kampuni isiyopita kipimo hicho haijabadilisha uongozi, imebadilisha kibao cha mlango.

Kutumika

Nianze na neno letu wenyewe. Mtu wa Lubumbashi, Likasi au Kolwezi hasemi kwa kawaida "nafanya kazi". Anasema "natumika". "Baba yako anatumika wapi?" "Anatumika ku Likasi." Mwanafunzi anayetoka Dar es Salaam akisikia hivyo anashtuka kidogo, kwa sababu kwake kitu kinachotumika ni kalamu, gari au pesa. Yeye anasikia kitenzi tumia kikiwa kimenyambuliwa, na mtu amewekwa mahali pa chombo.

Ni rahisi kujenga hotuba nzima juu ya jambo hilo: tazameni, ukoloni ulitufanya vyombo hadi ndani ya kitenzi! Nimesikia hotuba hiyo katika korido zetu zaidi ya mara moja, wala siikubali. Kwanza, familia ya tuma na tumika ina upande wa huduma pia: mtumishi, kutumikia, utumishi. Pili, asili ya neno siyo hukumu yake. Mama anayesema kwa fahari "mtoto wangu anatumika sasa" hasemi kwamba mtoto wake amekuwa nyundo. Anasema mtoto amepata kazi, na nyumba italala imekula. Hata rasilimali, neno ambalo wengine wanalichukia, limetoka katika Kiarabu likiwa na maana ya mtaji, kichwa cha mali. Mtu anaweza kuitwa kichwa cha mali na akaheshimiwa, tena anaweza kuitwa ndugu na akaibiwa mshahara.

Kwa hiyo nisingependa tupoteze muda tukitafuta jina jipya zuri zaidi. Ushahidi wa namna mtu anavyotazamwa kazini haumo katika nomino ya mlangoni. Umo katika sentensi: nani ni kiima, nani anaamuru, nani anauliza, nani anajibu.

Kiswahili cha kuamuru

Hapa historia yetu inatuonya. Mtu anaweza kusema: tatizo ni Kifaransa, basi waanze kusema Kiswahili na mambo yataisha. Kumbe Kiswahili kilikuwa kazini tangu zamani, na si kwa ajili ya kumheshimu mtu.

Union Minière iliundwa mwaka wa 1906, na tanuru la Lubumbashi lilianza kuyeyusha shaba mwaka wa 1911. Watu wa migodi walitoka mbali: Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Lomami, baadaye Rwanda na Urundi. Kambi moja ilikuwa na lugha nyingi kuliko darasa letu. Kiswahili kilichukua nafasi ya lugha ya kazi hatua kwa hatua, na utawala wa kikoloni na kampuni waliona faida yake. Johannes Fabian alieleza safari hiyo katika kitabu chake cha mwaka wa 1986 kuhusu lugha na mamlaka ya kikoloni. Jambo moja linalobaki kichwani baada ya kusoma utafiti wa aina hiyo ni hali ya vitabu vidogo vya msamiati walivyotungiwa Wazungu: vimejaa amri. Leta, beba, fanya upesi, ngoja. Mzungu aliyejifunza Kiswahili kwa njia hiyo alijifunza nusu ya lugha. Alijua kuamuru, lakini hakuwa na sarufi ya kumwuliza mtu maoni yake wala ya kuelewa jibu refu.

Tena kampuni hiyo haikuwa na mkono wa chuma peke yake. Kuanzia mwaka wa 1928 hivi ilifuata siasa ya kumtuliza mfanyakazi mahali pamoja: mikataba ya miaka mitatu, ruhusa ya kuleta mke, nyumba, posho, zahanati, shule, uangalizi wa watoto wachanga. Daktari Léopold Mottoulle, aliyesimamia siasa hiyo kwa miaka mingi, aliiandikia kitabu kilichotoka mwaka wa 1946. Ukitoa majina na tarehe, sehemu ya mambo hayo ingeweza kuingia leo katika broshua ya kampuni inayojisifu kwa kumjali mtu: afya, lishe, makazi, familia. Lakini mfanyakazi alitazamwa kama mtoto. Alipewa maziwa ya mwanawe, ila hakupewa nafasi ya kusema.

Desemba 1941 ilionyesha mpaka wa malezi hayo. Bei zilikuwa zimepanda kwa sababu ya vita, wafanyakazi wakadai nyongeza ya mshahara. Katika Élisabethville walikusanyika kwenye uwanja wa mpira, na askari wakafyatua risasi. Makumi ya watu walikufa, akiwemo Léonard Mpoyi aliyesema kwa niaba ya wenzake. Kampuni iliyojua uzito wa kila mtoto kambini haikuweza kuvumilia sentensi moja ambayo mfanyakazi ndiye kiima chake na kitenzi chake ni "tunataka".

Ndiyo sababu nasema: kujali siyo kusikiliza. Mtu anaweza kujaliwa vizuri sana bila kuulizwa neno hata moja.

Baba aliyeondoka

Baada ya kutaifishwa mwaka wa 1967 kampuni ikawa mali ya nchi, na baadaye ikapata jina ambalo wengi wetu tumelikuta kwenye kadi za wazee wetu: Gécamines. Jina lilibadilika, malezi yakaendelea. Msemo wa watu ulikuwa kwamba kampuni ni baba, kampuni ni mama. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alitoa mwaka wa 2001 kitabu ambacho jina lake linasimulia mwisho wa habari: watoto wa Shaba walioachwa na baba yao.

Baba aliondoka kwa sababu zinazojulikana. Mwaka wa 1986 Gécamines ilizalisha zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka wa 1990, mashine zikachakaa, fedha zikaliwa, nchi ikatikisika. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990 uzalishaji ulikuwa haufiki tani 50,000 kwa mwaka. Mishahara ikaacha kutoka, mwezi baada ya mwezi. Kisha mwaka wa 2003 ukaja mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ambao wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliacha kazi kwa kupokea fedha ya mara moja.

Mpango huo uliitwa kuondoka kwa hiari. Hapo mwanaisimu lazima asimame. Katika Kiswahili hiari ni kuchagua bila kusukumwa. Mtu ambaye hajapokea mshahara kwa miezi mingi, ambaye watoto wake wamefukuzwa shuleni, anawekewa mezani karatasi ya Kifaransa na kalamu. Akitia sahihi anapata kitu. Akikataa anabaki na deni la mshahara ambalo hakuna anayejua litalipwa lini. Je, hilo ni hiari? Wengi wa waliotia sahihi walijikusanya baadaye wakidai kwamba walichopewa hakikulingana na haki yao ya kisheria. Sina uwezo wa kuhesabu madai yao hapa. Ninachoona ni kwamba neno lilitangulia kuwafunga mdomo: ukishaitwa mwenye hiari, utalalamika vipi?

Tukumbuke pia kwamba watu hao hawakukosa lugha ya kusimulia. Mwaka wa 1965 chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani katika mji huu kilitoa historia ya Élisabethville kwa Kiswahili, iliyotungwa na André Yav. Watu walioitwa boy waliandika wenyewe nani aliwatumikisha, vipi, na kwa mshahara gani. Waliokuwa wameamriwa kwa Kiswahili walitumia Kiswahili hicho kutoa ushahidi. Lugha ile ile, sentensi za namna nyingine.

Siku 22 na siku 84

Sasa tuje kwetu leo. Migodi imejaa tena, na wenyewe wametoka China, Uswisi, Kazakhstan na kwingineko. Mamlaka ya ofisi ya wafanyakazi yametawanyika. Ripoti ya mashirika RAID na CAJJ ya mwaka wa 2021 kuhusu migodi mitano mikubwa ya Katanga ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wafanyakazi waliajiriwa na makandarasi, siyo na mgodi wenyewe. Kwa mtu wa chini maana yake ni hii: anayemwamuru, anayemlipa na anayeweza kumfukuza ni watu watatu tofauti, na mara nyingine wanazungumza lugha tatu tofauti.

Nilifanya staji ya miezi miwili katika kampuni moja ya kukodisha walinzi na madereva. Waligundua kwamba nasoma lugha za Kiafrika, wakanipa kazi ya kuwaeleza watu kanuni mpya za kampuni, kurasa nne za Kifaransa. Nilipoanza kutafsiri niliona sura ya maandishi yale waziwazi. Mfanyakazi alikuwa kiima cha vitenzi vya wajibu tu: anatakiwa, analazimika, haruhusiwi. Palipokuwa na uamuzi, mwenye uamuzi alipotea: itaamuliwa, ataarifiwa, atahamishwa, ataondolewa. Kutendwa kumejaa, mtendaji hayupo. Hakukuwa na sentensi moja inayoanza na "mfanyakazi anaweza kuuliza" au "mfanyakazi ana haki".

Katika kusoma, mlinzi mmoja mtu mzima aliniuliza: "Mwalimu mudogo, préavis njo nini?" Nilimjibu kwa maneno mengi, kwa sababu neno moja linalotosha halipo katika Kiswahili cha hapa. Mashariki wanasema notisi. Nilimwambia ni siku ambazo mwajiri lazima akupe kabla ya kukuondoa, ukiendelea kulipwa. Akauliza ni siku ngapi. Kurasa nne zile hazikusema.

Sheria inasema. Sheria ya Kazi ya nchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inaweka kwamba mwajiri anayevunja mkataba usio na kikomo lazima atoe angalau siku 14 za kazi, na kuongeza siku 7 kwa kila mwaka mzima wa huduma mfululizo. Mlinzi mwenye miaka 10 kazini ana haki ya siku 84 za kazi. Hiyo ni zaidi ya miezi mitatu ya mshahara, yaani ada ya shule, kodi ya nyumba na muda wa kutafuta kazi nyingine. Mtu asiyejua anaweza kupoteza siku 84 kwa sahihi moja.

Sheria hiyo hiyo inamlinda hata yule wa siku kwa siku, tunayemwita zhurnalie. Akiwa amekwisha kufanya siku 22 katika muda wa miezi miwili, kisha akachukuliwa tena kabla miezi hiyo miwili haijaisha, sheria inahesabu kwamba sasa ana mkataba usio na kikomo. Mashariki mtu huyo anaitwa kibarua, kwa sababu zamani alipewa kijikaratasi cha kazi. Jina lake lilitoka katika barua, na hadi leo kinachomponza ni karatasi asiyoweza kuisoma. Ni zhurnalie wangapi wa Lubumbashi wanajua habari ya siku 22? Waulizeni wenyewe siku mkipita karibu na malango ya kampuni asubuhi, pale wanapongoja kuchaguliwa.

Kazi mpya ya ofisi hiyo ni kazi ya lugha

Watu wa menejimenti wanasema kwamba nafasi ya ofisi ya wafanyakazi inabadilika, na hapo wana haki. Zamani kazi yake kubwa ilikuwa faili: kuandika waliofika na wasiofika, kuhesabu mshahara, kupanga likizo, kupiga adhabu. Kazi hizo sasa zinakwenda kwenye kompyuta. Kinachobaki mikononi mwa binadamu ni yale ambayo kompyuta haiwezi: kumpokea mgeni kazini, kueleza mkataba, kusikiliza malalamiko, kumwambia mtu kwamba hakufanya vizuri bila kumvunja, kutuliza ugomvi, kueleza hatari ya mashine, kumtangazia mtu mwisho wa kazi yake. Yatazameni vizuri mambo hayo. Yote ni matendo ya usemi. Ofisi hiyo imekuwa ofisi ya mazungumzo, ila katika migodi na makarakana yetu mazungumzo hayo yanapitia lugha ambayo upande mmoja hauimudu.

Ndiyo maana naona ajabu kusikia kiongozi akisifu usikilizaji katika semina ya Kifaransa, hotelini, mbele ya viongozi wenzake. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Hatari ya shimo anaijua anayeshuka, na anaieleza kwa Kiswahili cha Katanga, kwa haraka, na methali ndani yake. Mkuu wa wafanyakazi asiyeweza kufuata maelezo hayo hadi mwisho hasikilizi, anasubiri mkalimani amfupishie. Na mkalimani mara nyingi ni kiongozi wa zamu, yule yule anayelalamikiwa.

Siwabezi watu wa ofisi hizo. Wao pia ni waajiriwa, wanabanwa kati ya mwenye mali na mwenye jasho. Wengi wao ni wana wa miji hii, wanasema Kiswahili nyumbani, lakini wakiingia ofisini wanakivua mlangoni kwa sababu wamefundishwa kwamba heshima ya cheo ni Kifaransa. Wakirudi kukisema kazini, kinakuwa tena kile cha amri: leta faili, tia sahihi hapa. Urithi wa vile vitabu vidogo vya msamiati haujaisha.

Majibu kwa wanaopinga

Nimezungumza na wenzangu kuhusu jambo hili, nao wana pingamizi zenye uzito.

La kwanza: Kifaransa ndicho ngazi ya kupanda. Wafanyakazi wenyewe wanataka kujifunza Kifaransa, tena wanalipa madarasa ya jioni. Ni kweli, wajifunze, na kampuni iwasaidie. Lakini mtu hawezi kungoja amalize sarufi ya Kifaransa ndipo ajue haki yake ya leo. Ngazi ni ya kesho, sahihi inatakiwa saa hii.

La pili: Kiswahili kipi? Tukiandika Kiswahili sanifu, mlinzi wa Kenya ya Lubumbashi (namaanisha komini yetu, siyo nchi) ataona ni lugha ya kanisani. Tukiandika kile cha mtaani, wakubwa watasema si lugha ya kuandikia. Swali hili tunalipenda mno katika kitivo chetu, na tumelifanya kuwa kisingizio cha kutoandika lolote. Jibu langu ni la vitendo. Maandishi ya kazini yaandikwe kwa sentensi fupi, karibu na sanifu ili yasomeke kote mashariki mwa nchi, na yakubali maneno ambayo watu wanayo tayari: preavi, konje, sendika, delege. Kisha yasomwe kwa sauti, na kuelezwa kwa Kiswahili cha mahali. Kipimo cha tafsiri hapa si kamusi. Ni mfanyakazi kuweza kurudia kwa maneno yake mwenyewe alichokitilia sahihi.

La tatu ndilo zito zaidi: kampuni itachukua Kiswahili chetu kizuri na kukifanya pambo, barua tamu kwa wafanyakazi huku mambo yakibaki yalivyo. Hatari hiyo ipo. Mottoulle na wenzake wametufundisha kwamba upole unaweza kuwa namna ya kutawala. Kwa sababu hiyo sitaki tafsiri peke yake. Nataka tafsiri inayokwenda pamoja na haki ya kuuliza na kupata jibu la maandishi, na delege wa sendika awepo wakati wa kusoma. Kiswahili kisicho na alama ya kuuliza kitakuwa kibarakala tu.

Tuanze wapi

Serikali ina deni lake. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inataja katika kifungu cha kwanza lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwemo. Katika kifungu cha 142 inaitaka serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha hizo nne, katika siku 60 tangu kutangazwa. Sheria ya Kazi ilirekebishwa mwezi wa Julai 2016, miaka kumi baada ya Katiba. Siku 60 zake ziliisha Septemba mwaka huo huo. Mimi, mwanafunzi wa lugha za Kiafrika katika mji wa wafanyakazi, sijawahi kushika mkononi nakala yake ya Kiswahili, wala walinzi wale hawajaishika.

Kampuni nazo zinaweza kuanza na jambo dogo lisilogharimu mgodi: hakuna sahihi kabla ya kusomewa kwa Kiswahili mbele ya shahidi ambaye mfanyakazi amemchagua mwenyewe, na nakala iende naye nyumbani.

Lakini tusiwatupie wengine mzigo wote. Kila mwaka kitivo hiki kinatoa kazi za mwisho wa masomo ambazo zinalala kwenye rafu. Naomba walimu wetu wakubali kwamba faharasa ya maneno ya kazi, iliyokusanywa na kujaribiwa pamoja na wafanyakazi wenyewe, ni kazi halali ya isimu sawa na uchambuzi wa ngeli. Naomba pia tuwe na somo la tafsiri ya kazini, ambamo mwanafunzi anajifunza kutafsiri mkataba, karatasi ya mshahara, tangazo la usalama na barua ya kuachishwa. Wengi wetu tukimaliza tunapiga milango ya kampuni hizo hizo tukiomba kazi, na tunajibiwa kwamba hawana haja na mtu wa lugha. Tukiwafikia na mkataba uliotafsiriwa vizuri mkononi, jibu litakuwa gumu kidogo kutoa.

Mimi nimekwisha kuanza na vifungu vinavyohusu kuvunja mkataba na kazi ya siku kwa siku. Ni vifungu vichache, na tayari nimegombana na neno préavis mara nyingi kuliko nilivyotarajia. Wenzangu wa mwaka wa pili na wa tatu wanaotaka kuchukua likizo, ajali za kazini au uzazi, vifungu vipo, vinangoja. Anayeona kwamba nimekosea kuhusu Kiswahili kipi kitumike, aandike katika toleo lijalo. Ila aandike akiwa ameshamsomea mlinzi wa lango letu tafsiri yake, na amemsikiliza hadi mwisho.